Hisa kwa jamaa wa Waltham: shajara ya kiwanda chetu cha kahawa, Mbale

6 Februari

Leo tumefunga daftari la msimu. Kabla gunia la mwisho halijaondoka nilichota punje kavu, nikazimwaga mezani na kuhesabu mia moja. Ishirini na tatu zilikuwa na kovu. Hayo ni meno ya mashine ya kumenya tunayokodi kwa jirani. Imechakaa, inauma punje pamoja na ganda, na punje iliyoumwa huharibika upesi ndani ya tangi la kuchachusha. Mnunuzi hahitaji hata kuonja. Anaangalia tu, anashusha bei.

Kikao kimeamua kwamba kabla buni hazijaanza kuiva Septemba tuwe na mashine yetu, matangi mawili ya saruji na vitanda vya kukaushia vya kutosha. Makadirio ni shilingi milioni 420. Benki inataka hati ya ardhi, na kiwanja chetu ni cha kimila, hati hakina. Basi tutauza hisa. Nusu ya fedha tunaitarajia hapa Mbale na vijiji vya mlimani, nusu ya pili kwa jamaa zetu walioko Waltham, karibu na Boston, mji ambao watu wa Uganda wamekuwa wakihamia kwa miaka mingi.

Mimi ndiye katibu wa kampuni, na kazi ya kufuatilia sheria nimepewa mimi. Shajara hii naiandikia wanachama wetu, pamoja na yeyote mwenye kampuni ndogo anayefikiria njia kama hii.

14 Februari

Nimeshinda kwa wakili wetu, Barabara ya Naboa. Swali nililokwenda nalo lilikuwa jepesi: je, kuuza hisa kunahitaji kibali? Jibu lake limenifungua macho. Sisi ni kampuni binafsi, na Sheria ya Kampuni ya 2012 inaitambua kampuni binafsi kwa mambo matatu yanayoandikwa kwenye katiba yake: uhamishaji wa hisa una mipaka, wanachama hawazidi 100 bila kuhesabu wafanyakazi, na ni marufuku kuualika umma kununua hisa. Ukiualika umma, umeingia kwenye uwanja wa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na sheria yake ya 1996, ambako unatakiwa waraka rasmi wa matoleo uliopitishwa. Kampuni inayoingia Soko la Hisa la Uganda inaweza kumudu gharama hizo. Sisi hatuwezi.

Tuko wanachama 38, kwa hiyo nafasi tunayo. Mmoja wetu alikuwa amependekeza watu wa kijiji kizima wanunue kwa jina la mtu mmoja ili tusifike 100. Wakili amekataa papo hapo. Tangu marekebisho ya 2022 kila kampuni inatunza rejesta ya wamiliki halisi wanaonufaika, na huwezi kuwaficha watu arobaini nyuma ya jina moja kisha ukatia sahihi kwamba mmiliki ni yeye. Nakubaliana naye kabisa. Watu arobaini wasio na majina kwenye rejesta ni watu arobaini wasio na haki siku ya ugomvi.

Mzee mmoja kwenye kikao aliuliza kwa nini tusiwe ushirika, kama enzi ya Bugisu Cooperative Union iliyoanza 1954. Swali lake ni la haki. Lakini ushirika una sheria yake na kura moja kwa kila mtu, na kampuni tulikwisha kuisajili.

27 Februari

Simu na wakili wa Boston, mtoto wa rafiki wa familia anayetusaidia kwa ada ndogo. Nilidhani Marekani haituhusu: kampuni ni ya Uganda, wanunuzi ni watu wa Uganda, kahawa iko Uganda. Nimekosea. Sheria ya Dhamana ya 1933 inasema kila toleo la hisa lisajiliwe kwa Tume ya Dhamana, ile SEC, au liwe na msamaha unaotambulika. Na kinachotazamwa ni mahali mtu anapoishi. Pasipoti haiangaliwi. Shangazi yangu ana pasipoti ya Uganda, lakini anaishi Waltham, basi kwa sheria hiyo yeye ni mtu wa Marekani. Mmarekani anayefundisha hapa Mbale na kuishi hapa hahesabiwi hivyo. Mauzo yanayofanyika nje ya Marekani yana kanuni yake, Kanuni S.

Adhabu ya kupuuza haya si hadithi. Ukiuza bila usajili na bila msamaha, mnunuzi ana mwaka mmoja wa kwenda mahakamani kudai fedha zake pamoja na riba. Hebu fikiria: fedha zimekwisha kuwa saruji na chuma, halafu watu 17 wanazidai zote kwa mkupuo.

Msamaha wenyewe mzizi wake ni mfupi: mauzo ambayo si toleo kwa umma hayahitaji kusajiliwa. Umma ni nani, ndipo penye kazi. Wakili alinisimulia kesi ya 1953 iliyofika Mahakama Kuu ya Marekani. Ralston Purina, kampuni ya vyakula vya mifugo, ilikuwa ikiwauzia hisa wafanyakazi iliowaita muhimu. Katika hao walikuwemo fundi umeme, karani wa ghala, mpiga chapa, daktari wa mifugo. Kampuni ikasema hawa ni wa kwetu, si umma. Mahakama ikakataa. Ikauliza kama watu hao wanaweza kujilinda wenyewe, na kama wanapata habari zile zile ambazo usajili ungewapa. Fundi umeme hakuwa akizipata habari hizo, hata kama alikuwa akiingia getini kila asubuhi.

Hili limenikaa moyoni tangu jana usiku. Sisi huku tunaamini undugu unatosha. Shangazi ni shangazi, atanunua kwa sababu ni mimi niliyemwomba. Lakini hajui tuna deni gani, hajui bei ya msimu uliopita, hajui kwamba barabara yetu hukatika mvua zikizidi. Kwa swali la mahakama ile, shangazi yangu ni umma.

9 Machi

Siku mbaya. Mmoja wetu, kwa nia njema kabisa, alitengeneza bango la rangi lenye picha ya mlima na buni nyekundu, akalirusha kwenye grupu la WhatsApp la jamaa wa Massachusetts lenye watu zaidi ya mia tatu. Maneno yake: nunua hisa leo, faida asilimia 20 kila mwaka, nafasi ni chache. Nililiona saa kumi na moja alfajiri. Kufikia saa moja lilikuwa limefutwa, lakini watu walikuwa wamekwisha kulisambaza, na wawili niliokuwa siwajui walikuwa wameniuliza namba ya akaunti.

Bango lile lina makosa mawili. La kwanza ni kuualika umma, jambo ambalo katiba yetu yenyewe inalikataza na ambalo lingeuvunja msamaha tunaoutaka Marekani. La pili ni ile asilimia 20. Hakuna mtu duniani anayeweza kuahidi faida ya kahawa. Na msamaha unakuondolea usajili tu. Sheria za udanganyifu zinakubana vile vile, kwa neno ulilosema na kwa lile ulilolificha.

Nimempigia aliyelituma. Nimemweleza bila kumgombeza, maana kikao hakikuwa kimempa maelekezo, na hilo ni jukumu langu. Nimeandika yote kwenye faili: saa lilipotumwa, saa lilipofutwa, nani waliuliza.

12 Machi

Ushauri wa Boston. Njia ni mbili, zote ndani ya Kanuni D, ile kanuni ya SEC ya misamaha, iliyoanza 1982.

Ya kwanza ni 506(c), iliyotokana na sheria ya JOBS ya 2012. Hiyo inaruhusu kutangaza, hata bango kama lile, mradi lisiwe na uongo. Lakini kila mnunuzi lazima awe mwekezaji mwenye sifa, na kampuni ichukue hatua za kulithibitisha hilo. Mwenye sifa, kwa mtu wa kawaida, ni yule mwenye kipato cha zaidi ya dola 200,000 kwa mwaka kwa miaka miwili mfululizo, au 300,000 akiwa na mwenzi wake, na anatarajia hivyo hivyo mwaka huu; au mwenye mali inayozidi dola milioni moja baada ya kutoa madeni, bila kuhesabu nyumba anayoishi.

Ya pili ni 506(b). Hakuna kutangaza. Wenye sifa ni wengi kadiri upendavyo, na wasio na sifa hiyo wasizidi 35 ndani ya siku 90. Ila hawa 35 wawe na ujuzi wa mambo ya fedha na biashara wa kuwawezesha kupima faida na hatari, au wawe na mshauri wa kuwasaidia kupima, na lazima wapewe waraka wa maelezo wenye hesabu kabla ya kununua. Njia zote mbili hazina kikomo cha fedha.

Ipo pia 504, yenye kikomo cha dola milioni 10 kwa miezi 12, lakini huko kila jimbo lina masharti yake ya usajili. Kwa 506, tangu sheria ya Marekani ya 1996, jimbo haliwezi kudai usajili. Linaweza kudai taarifa na ada tu. Tumeiacha 504.

Wakili alisema wazi kwamba wengi huwaacha wasio na sifa, kwa sababu waraka ni kazi na ni gharama. Kati ya watu 17 wa orodha yetu, wenye sifa ni wanne. Waliobaki wanahudumia wazee, wanaendesha mabasi, mmoja ana duka la vyakula vya nyumbani. Hao 13 ndio waliochangia karo za nusu ya vijana wa kijiji chetu. Nimesema kwenye kikao, na ninaandika hapa, kwamba kiwanda hiki kikijengwa kwa kuwafungia mlango wao, mimi sitakuwa katibu wake. Tumechagua 506(b).

Kwa sababu ya bango tunanyamaza siku 30 kwanza, muda ambao kanuni yao inautambua kutenganisha toleo moja na jingine. Na hata baada ya hapo hatuuzi kwa yeyote aliyekuja kwa njia ya bango. Wale wawili nimewajibu kwa heshima kwamba hatuwezi kuwapokea.

14 Aprili

Kimya kimekwisha. Leo nimeanza waraka.

20 Mei

Sijaandika hapa mwezi mzima kwa sababu waraka umenila. Kurasa 26. Sehemu ya hesabu za miaka miwili ilichukua siku tisa. Iliyonichosha zaidi ni sehemu ya hatari, kwa sababu mkono unakataa kuandika ubaya wa kitu unachokipenda.

Rasimu ya kwanza iliandikwa na mjumbe mmoja hivi: “Biashara ya kahawa inaweza kukumbwa na changamoto mbalimbali.” Niliifuta. Sentensi hiyo haimwambii Shangazi kitu. Niliandika upya: kilo sita za buni mbivu hutoa takriban kilo moja tu ya kahawa safi, kwa hiyo kosa dogo la bei ya kununulia linatumaliza. Msimu uliopita tulipata hasara ya shilingi milioni 11, na sababu yake ni kosa hilo la bei. Mteremko tunaotegemea ni wa Mlima Masaba ule ule wenye Bududa, ambako maporomoko ya 2010 yalizika watu wengi na yale ya 2018 yakarudia. Barabara ikikatika wiki mbili katikati ya msimu, buni zinaoza shambani. Mwaka 2024 shughuli za mamlaka ya kahawa ya serikali zilihamishiwa Wizara ya Kilimo. Wanunuzi wa Ulaya wanadai ramani ya kila shamba kuthibitisha kwamba msitu haukukatwa, na sisi tumepima mashamba 61 kati ya 140. Hakuna soko la hisa hizi: anayenunua akae akijua kwamba huenda hataweza kuziuza kwa miaka mingi.

Wajumbe wawili walisema nitawatisha watu. Nilijibu kwamba anayeogopa baada ya kujua ukweli ana haki ya kuogopa, na fedha ni zake.

Jambo jingine dogo: wakurugenzi wote wamejaza fomu ya mwenendo. Kanuni D inainyima msamaha kampuni ambayo viongozi wake wamewahi kupatikana na hatia za udanganyifu wa dhamana na makosa ya namna hiyo. Wote wako safi.

1 Juni

Simu za Jumapili, saa tatu usiku kwetu, saa nane mchana kwao. Kabla ya kuuza kwa mtu asiye na sifa tunapaswa kuamini, kwa msingi, kwamba anaelewa. Sheria pia inataka apewe nafasi ya kuuliza maswali. Nilitayarisha dodoso, lakini niliyoyajua nimeyajua kwenye simu.

Wa kwanza ni binamu yangu mhandisi, kipato chake kinapita dola 200,000 kwa mbali. Yeye ni mwenye sifa, kisheria sikulazimika kumpa hata ukurasa mmoja. Nilimtumia waraka mzima kama wengine. Hakuufungua. “Wewe niambie tu nitume ngapi.” Nimemwomba ausome kwanza.

Wa pili ni Shangazi. Hana shahada, kazi yake ni kuwahudumia wazee zamu ya usiku, mwaka wa 19 sasa. Nilikuwa na wasiwasi jinsi ya kumwambia kwamba huenda hatafaa. Aliuchapisha waraka kazini kwao, akaupigia mistari kwa kalamu nyekundu.

“Ukurasa wa 14,” alisema. “Mashine ikivunjika Novemba, kipuri kinatoka wapi, na nani anabeba buni za siku hizo?”

Sikuwa na jibu. Akaendelea: kabla hajasafiri alikuwa akinunua buni Sironko kwa debe, na alikwisha kupoteza msimu mzima kwa sababu ya kamba moja ya mashine. Ana vyumba sita vya kupangisha Namatala alivyovijenga kwa awamu, anajua maana ya fedha kukaa mahali bila kurudi. Niliandika yote hayo kwenye faili lake, maana ndiyo ushahidi wa ujuzi ambao kanuni inauzungumzia.

Sheria inapima utajiri kwa sababu utajiri unahesabika. Akili ya biashara haina stakabadhi ya mshahara. Naelewa kwa nini waliuweka pale mpaka wao, lakini baada ya simu hizi mbili sitauchukulia tena kama kipimo cha nani anajua.

Kisha akasema, “Mwanangu, nilitaka kuweka elfu tisa. Nimesoma. Nitaweka nne.” Nilimshukuru, na nilimaanisha.

3 Juni

Tumeongeza ukurasa wa vipuri: fundi wa Kampala, bei ya seti ya meno ya akiba, na makubaliano ya kukodi kwa jirani kwa dharura. Waraka uliorekebishwa umetumwa kwa wote 17.

8 Juni

Kati ya 13, tisa wanatosha wenyewe. Wawili wamepata mshauri, mhasibu wa jumuiya yao asiye na hisa wala cheo kwetu, aliyewapitisha ukurasa kwa ukurasa na kuandika barua. Wawili wamejitoa. Mmoja alisema kwamba fedha alizonazo ni za matibabu ya mama yake, na kabla ya kusoma alikuwa hajajua kwamba huenda asizipate tena. Nimelifunga faili lake nikiwa na amani.

11 Juni

Kijana mmoja wa huko amejitolea kutukusanyia wanunuzi zaidi kwa asilimia 5 ya kila atakachokileta. Tumekataa. Anayelipwa kwa kila hisa anayouza anaingia kwenye kazi ya dalali wa dhamana, na chini ya sheria yao ya 1934 dalali lazima awe amesajiliwa. Tena angewaletea nani, kama si wageni?

20 Juni

Shangazi ametia sahihi mkataba wa kwanza, jana usiku kwa saa za Waltham. Siku 15 za kupeleka Fomu D, ile taarifa ya toleo kwa SEC, zimeanza hapo: hesabu inaanzia siku mnunuzi wa kwanza anapojifunga kwa mkataba, hata kama fedha bado hazijafika. Nimehesabu kutoka tarehe 19. Siku ya mwisho inaangukia 4 Julai, sikukuu yao, na hapo kanuni inasogeza hadi siku ya kazi inayofuata. Sitaisubiri.

Kwa anayefuata njia hii: anza mapema kuomba namba za kuingia kwenye mfumo wa SEC, EDGAR. Ombi linataka karatasi yenye sahihi iliyothibitishwa na mwanasheria mwenye muhuri, na yetu ilirudishwa mara moja kwa sababu jina la kampuni lilitofautiana na cheti kwa nukta moja.

27 Juni

Fomu D imepokelewa. SEC haitozi ada. Ni ya kurasa chache: jina la kampuni, wakurugenzi, msamaha tunaoutumia, kiasi, idadi ya wanunuzi wasio na sifa. Iko wazi kwa yeyote duniani kuisoma, na wajumbe wajue hivyo. Taarifa ya jimbo la Massachusetts na ada yake vimekwenda siku hiyo hiyo.

21 Julai

Watu 15 wa Waltham wamekwisha kulipa, dola 51,300. Mhandisi alisoma mwishowe, akauliza kuhusu ramani za mashamba, akajitolea kulipia upimaji wa 79 yaliyobaki. Hapa Mbale wamenunua 20. Jumla tuko wanachama 73. Tumepungukiwa na kama shilingi milioni 20, kwa hiyo vitanda vitakuwa 80 badala ya 120, na waraka ulikuwa umesema hivyo iwapo fedha hazitatimia.

Jana niliandika vyeti vya hisa. Kwenye vile 15 kuna maneno ya ziada chini: hisa hizi hazikusajiliwa chini ya sheria ya 1933 na haziwezi kuuzwa tena bila usajili au msamaha mwingine. Nimeyaandika kwa Kiingereza kama inavyotakiwa, na nyuma ya kila cheti kwa Kiswahili, kwa wino mweusi.

Yaliyobaki kabla ya Septemba: taarifa ya mgawo wa hisa kwa URSB, ofisi ya usajili wa kampuni Uganda, rejesta ya wamiliki halisi kuongezwa majina 35, saruji ya msingi wa mashine kukauka, seti ya meno ya akiba kuchukuliwa Kampala. Ya mwisho nimeiwekea alama nyekundu.